Karatasi tisa za kambo

Nilifuta maneno ya kambo wangu kwa gomu ya shule, ile nyeupe inayouzwa mbele ya kila lisee. Naanza na hilo mapema, kwa sababu mwalimu wetu mmoja alipoona picha zangu kwenye semina aliniita mtunzaji, na tangu siku hiyo wenzangu kadhaa wa kitivo wananiuliza namna ya kuhifadhi karatasi kuukuu. Nitawaambia kidogo ninachokijua. Lakini wajue wanamuuliza nani.

Picha zenyewe zilikuwa tisa. Kila moja ni karatasi nene, kubwa kidogo kuliko daftari, yenye ndege mmoja au wawili wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, wamekaa juu ya tawi. Kwa Kiswahili sanifu ndege hao wanaitwa chozi. Wengi wetu hapa Lubumbashi tunalijua neno hilo kwa maana ya lile linalotoka jichoni tu. Mimi nilikutana na chozi wa mabawa kwenye kamusi nikiwa mwaka wa pili, nikadhani mpiga chapa amekosea. Ndege mwenyewe lakini tunamjua wote. Ndiye yule anayening'inia kwenye maua ya uani, anang'aa kama kipande cha kanda ya kaseti, na ukigeuza shingo hayupo.

Kambo, yaani babu yangu mzaa baba, alikuwa boyi. Nalitumia neno hilo kwa sababu mwenyewe alilitumia, bila haya na bila majivuno. Alipika na kupiga pasi katika nyumba moja ya "ville", sehemu ambayo leo ni komini ya Lubumbashi, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville na wafanyakazi wa nyumbani wakilala kwenye bwayeri, kile chumba cha nyuma ya parsele. Mwezi wa saba 1960 Wazungu wengi wa mji walipakia magari wakavuka mpaka kuelekea Rhodesia ya Kaskazini, na bwana wa kambo alikuwa mmoja wao. Aliacha funguo mezani, mbwa, na vitu vingi ambavyo havikuingia garini. Kati ya vitu hivyo palikuwa na jalada la karatasi ngumu lililofungwa kwa utepe. Bwana hakurudi. Siku chache baadaye Katanga ilitangazwa kuwa nchi, na kambo akaenda na jalada lake Katuba, mbwa akimfuata.

Nilikuwa na miaka tisa alipofariki. Jalada nililijua kama kitu cha juu ya kabati ambacho watoto hawakigusi. Miaka mitatu iliyopita paa la nyumba ya Katuba lilianza kuvuja, na tantini, dada mkubwa wa baba, akanipigia simu nije nikachukue "ile bandeke ya baba" kabla mvua haijaila. Ninakaa komini ya Lubumbashi, katika bwayeri ya nyumba ya zamani yenye mjakaranda mbele, ambayo mwenye nyumba amewapangishia wanafunzi. Kwa hiyo zile karatasi, baada ya karibu miaka sitini, zilirudi kwenye mitaa zilikotoka, na zikaingia kwa mlango wa nyuma uleule.

Pembeni ya baadhi ya picha pana maandishi madogo sana: jina la J. G. Keulemans na la Hanhart. Hilo lilinipa pa kuanzia. Keulemans alikuwa Mholanzi, mzaliwa wa Rotterdam mwaka 1842, aliyehamia Uingereza na kuwa mchoraji wa ndege aliyetafutwa kuliko wengi wa zama zake, alifariki 1912. Hanhart ni kiwanda cha uchapaji cha London. Nilikaa usiku kadhaa, wakati intaneti inapokuwa na nguvu, nikilinganisha picha zangu na vitabu vilivyowekwa wazi na maktaba ya kidijitali ya Biodiversity Heritage Library, mpaka nikazipata: kurasa za kitabu cha George Ernest Shelley juu ya jamii ya chozi wa dunia nzima, kilichotolewa kwa mafungu kati ya 1876 na 1880, chenye picha 121. Shelley huyo alikuwa kapteni wa jeshi na mpwa wa mshairi Percy Shelley. Wenzangu wa idara ya Kiingereza waliposikia hilo ndipo walipoanza kuziheshimu picha zangu.

Namna zilivyotengenezwa inafaa ielezwe, kwa kuwa ndiyo inayoamua namna ya kuzitunza. Mchoraji alichora juu ya jiwe laini kwa kalamu yenye mafuta. Jiwe lililoweshwa maji, kisha likapakwa wino, na wino ukashika pale penye mafuta tu. Karatasi ikabanwa juu yake. Iliyotoka ilikuwa picha nyeusi na nyeupe. Rangi zote unazoziona, nyekundu ya kifua, kijani ya kichwa, zilipakwa kwa brashi, karatasi moja baada ya nyingine, na wapakaji ambao majina yao hayakuandikwa popote. Pale ambapo manyoya yanang'aa waliongeza gamu ya mti kidogo. Ukiinua karatasi karibu na dirisha, ndege anawaka, ukiilaza, anazimika. Skani ya maktaba haionyeshi hilo hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu watu bado wanatoa pesa kwa karatasi ambazo picha yake wanaweza kuiona bure.

Maana yake ni kwamba maji ni adui. Rangi hizo ni za maji, na gamu hiyo huyeyuka. Watu wa kuuza picha za kale huzungumza kwa urahisi juu ya "kuosha" karatasi ili madoa ya kahawia yatoke, na kweli mafundi wenye maabara wanaweza. Mimi nina ndoo.

Basi niliyoyafanya ni madogo. Nilinunua kantini ya chuma, ile tuliyokuwa tukibebea vitu bwenini, nikaipandisha juu ya matofali mawili, mbali na ukuta wa nje, kwa sababu ya mchwa na unyevu. Nilitupa jalada la zamani, ambalo karatasi yake mbaya ilikuwa imeacha kivuli cha manjano kwenye picha ya juu. Kati ya picha na picha niliweka karatasi nyeupe safi, ninazozibadilisha kila mwaka mvua zinapokwisha. Ile iliyo bora, isiyo na asidi, sikuipata mjini. Nilipewa karatasi kumi na mwalimu aliyetoka safari, nikazitumia kwa picha zilizo hatarini zaidi. Kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia hata penye kitambaa mlangoni. Na huu ni mji wa kuyeyusha shaba tangu 1911. Gesi ya salfa hugeuka asidi ndani ya karatasi, na karatasi iliyoishi hapa miaka mingi huanza kukatika kwenye pembe kama biskuti.

Neno moja la nasaha, wenzangu, na nalisema kwa ukali: msiplastifie. Kila sekretaria ya mtaani ina ile mashine, na kila mtu mwenye cheti cha ubatizo kinachochanika anashauriwa akipitishe humo. Ile plastiki huyeyukia kwenye karatasi kwa moto na haitoki tena. Mjomba wangu alinishauri nizipitishe zote tisa, "zikae milele". Scotch nayo ni hivyohivyo. Gundi yake hugeuka kahawia na kuingia ndani. Mchaniko ukikusumbua, uache uchanike, uweke bapa, usubiri siku utakapompata mwenye karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa ngano.

Lakini yote hayo ni habari ya upande wa mbele.

Siku ya kwanza nilipozigeuza kuzifuta vumbi, nilikuta saba kati ya tisa zimeandikwa nyuma. Nne kwa kalamu ya risasi ya kawaida, tatu kwa ile kalamu ya ofisi za zamani ambayo ni ya kijivu ikiwa kavu na ya zambarau ikilowa. Mwandiko ulikuwa wa kambo. Ninaujua kutoka kwenye daftari la madeni. Maneno machache kila karatasi, mstari mmoja au mitatu, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, na mara mbili tatu neno la Kisanga, lugha ya mama yake.

Sijui aliyaandika lini hasa, bwana angalipo au baadaye Katuba. Tantini anasema alikuwa akiyaandika jioni, akimwonyesha yeye na wadogo zake: huyu ni nani, yule ni nani. Nyuma ya picha ya chozi mwenye kifua chekundu, ambaye wataalamu wa leo wanamwita *Chalcomitra senegalensis*, ameandika "kandekekamaua anakunywaka asubui". Nyuma ya mwingine, mwenye mkanda wa zambarau kifuani: "anabadirishaka nguo", na chini yake "anakuyaka wakati yamvula".

Kwa asiyesoma idara yetu, nieleze kwa nini nilikaa chini. Kambo haachi nafasi kati ya maneno pale tunapoiacha sisi. "Kandeke ka maua" kwake ni pumzi moja. Anatumia *ka-* ya kitu kidogo, ambayo Kiswahili cha Lubumbashi kiliirithi kwa lugha za jirani, na upatanisho wake unakwenda sawasawa: kandeke *ka* maua. Lakini anapofika kwenye wakati, anaandika "wakati ya". Na anatumia *-ka* ya mazoea mwishoni mwa kitenzi: anakunywaka, anabadirishaka, anakuyaka. Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha mji huu mwaka 1968, Walter Schicho akafuata na kitabu cha sintaksia mwaka 1982, na kuna kitabu cha 2014 cha Ferrari, Kalunga na Mulumbwa ambacho wengi wetu tunacho kwa fotokopi. Sifa hizi zimo humo. Ila kuziona katika mwandiko wa mtu wa ukoo wako, zimeandikwa na mtu ambaye hakuna mtafiti aliyemwekea kinasa sauti mbele, ni kitu kingine.

Mara moja niliwaza *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville, ile historia ambayo André Yav aliiandaa mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, na ambayo Johannes Fabian aliichapisha na kuifafanua mwaka 1990. Nayo imeandikwa hivyohivyo, bila mipaka ya maneno tunayoitarajia, na mtu anayeandika kama anavyosema. Maboyi wa mji huu walikuwa wanaandika, na karatasi walizoandika zilikuwa zile zilizokuwa karibu yao. Kambo alikuwa na migongo ya picha za London.

Kuna jambo lingine lililonishika. Wachoraji wa ndege wa zama za Keulemans walifanya kazi zaidi kwa ngozi: ndege aliyepigwa Afrika, akachunwa, akajazwa pamba, akafungwa lebo mguuni, akasafiri kwa meli hadi kwenye droo ya makumbusho. Mchoraji alimfufua kwa kubahatisha, tawi lolote, mkao wowote. Ni kazi nzuri kupita kiasi, lakini ndege wake hawali chochote. Kambo upande wa pili hakuandika rangi hata mara moja. Aliandika anakunywa nini, saa ngapi, anakuja lini, anabadilisha nguo. Chozi dume wa aina kadhaa kweli huvua manyoya ya kung'aa nje ya msimu wa kuzaa akabaki wa kijivujivu kama jike. Hilo picha haisemi. Linasemwa na mtu aliyefagia ua mwaka mzima.

Hapa Lubumbashi mtu akisikia "picha ya ndege" hamfikirii Keulemans, anamfikiria Pilipili Mulongoy. Nami niliwaza hivyo. Pilipili alikuwa mmoja wa wachoraji wa Hangar, karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés hapa mjini mwaka 1946. Pamoja naye walikuwa Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga. Romain-Desfossés alipofariki 1954, karakana iliingizwa katika Académie ya Laurent Moonens. Ndege wa Pilipili wanakula, wanalisha makinda, wanapigania mdudu, na nyuma yao hakuna nafasi tupu hata moja. Mwaka 2015 walitundikwa Paris kwenye maonyesho ya *Beauté Congo*, miaka minane baada ya yeye kufariki. Wachoraji wa Hangar walitumia sana karatasi na kadibodi, kwa hiyo walio nazo majumbani wana matatizo yaleyale ya mchwa na mvua niliyo nayo mimi, na wanastahili kusaidiwa kabla yangu. Mimi nina mali ya London iliyofanywa kuwa ya hapa kwa kalamu ya risasi.

Sasa nifike kwenye gomu.

Mwaka jana ada ya masomo ilikuwa haijalipwa, na tarehe ya mwisho ilikuwa imebandikwa. Kupitia rafiki nilipata mnunuzi anayeishi Ulaya. Nilimtumia picha za simu, mbele na nyuma. Alijibu kwa adabu: dola 60 kwa kila moja, zote tisa pamoja, ila zile "alama za kalamu" nyuma ziondolewe kadiri inavyowezekana, na zile zenye zambarau bei itashuka, kwa kuwa maji ya paa la Katuba yalikuwa yameifanya rangi ipenye hadi ukingo wa mbele kwenye karatasi mbili. Hakuwa na ubaya wowote. Katika biashara hiyo mgongo safi ni sifa, kama jino lisilotoboka. Vitabu kama cha Shelley vilichapwa mamia machache tu, na wafanyabiashara wamevikata kurasa kwa kurasa kwa miaka mingi ili wauze picha mojamoja. Mtu wa namna hiyo hashtuki kuona gomu.

Dola 540. Fanyeni hesabu yenu, mnajua ni nini hapa.

Nilianza na karatasi ya *Cinnyris cupreus*, chozi wa rangi ya shaba. Niliichagua kwa sababu mwandiko wake ulikuwa wa kalamu ya kawaida na mwepesi kuliko yote, na kwa sababu, lazima niseme, nilikuwa bado sijaunakili. Nilikuwa nimenakili sita. Ule wa saba ulikuwa hafifu na nilikuwa nikisubiri mwanga mzuri. Nilijiambia nitasoma ninapofuta, jambo ambalo hata sasa sielewi nililifikiriaje. Umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa na mshumaa. Nilifuta kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama mtu anayefanya kazi nzuri. Karatasi ilitoka nyeupe vizuri sana. Nilipofika kwenye neno la kwanza ndipo mkono uliposimama. Si kwamba nilitambua jambo kubwa. Niliona tu herufi *k* ya kambo, ile yenye mkia, sawasawa na ilivyo kwenye daftari la madeni pale alipoandika jina la baba yangu.

Kesho yake nilichukua tochi ya simu, nikaiweka chini kabisa, usawa wa karatasi, ili mwanga upite kwa ubavu. Kalamu ya risasi ikikandamizwa huacha mfereji, na mfereji hutupa kivuli. Nilizungusha karatasi nusu saa. Nilichokipata ni hiki: "kandekekamu", kisha karatasi iliyolainika ambayo haishiki kivuli chochote.

Kandeke ka mu.

Mwanaisimu yeyote wa mji huu ataona papo hapo nilichokiona. *Mu* inaweza kuwa mahali: kandeke ka *mu* kitu fulani, ndege wa ndani ya majani, wa kwenye mti, wa majini. Kiswahili chetu kinatumia *mu* hivyo kila dakika. Lakini inaweza pia kuwa mwanzo wa *mukuba*. Mukuba ni shaba, kwa Kisanga na kwa Kibemba, neno la watu walioyeyusha shaba hapa kabla kampuni yoyote haijafika. Kandeke ka mukuba: ndege wa shaba, nyuma ya picha ya ndege wa shaba, katika mji wa shaba, katika mwandiko wa mtu ambaye mama yake alisema Kisanga. Lingekuwa jina zuri ajabu. Lingekuwa pia mfano wa kwanza wa tasnifu yangu, na tayari nilikuwa naona mahali pa kuuweka.

Kama kambo angekuwa mtu wa kuacha nafasi kati ya maneno, ningejua. Kama nisingefuta, ningejua bila nafasi.

Nilijaribu kujishawishi. Nilisema kambo haandiki rangi, kwa hiyo si mukuba. Halafu nikasema mukuba si rangi, ni kitu, kwa hiyo inawezekana. Nilipekua kamusi ya Kiluba ya Van Avermaet na Mbuya ya 1954 katika maktaba, nikitafuta majina ya ndege ya umbo hilo katika lugha ya jirani, ingawa nilijua kwamba jina alilolitunga mtu mmoja jioni kwa ajili ya wanawe haliwezi kukutwa kwenye kamusi yoyote. Nilimpigia simu mzee mmoja wa upande wa Kisanga wa familia. Alicheka, akasema ndege hao watoto waliwapiga manati na hawakuwauliza majina.

Jumapili nikaenda Katuba na kumweleza tantini kila kitu, pamoja na bei. Alikuwa akichambua sombe. Hakunikaripia. Aliuliza tu ni ngapi hazikuandikwa, nikamwambia mbili.

"Uuze ile mbili," akasema. Kisha, bila kuinua macho: "Ingine ukiuza, unauza na mukono ya baba."

Katika Kiswahili cha hapa mukono ni mkono na ni mwandiko. Sikumwuliza alimaanisha upi.

Mnunuzi alizikubali mbili, kwa bei ileile, ingawa alisema anasikitika kuvunja mkusanyo. Dola 120 hazikutosha. Sehemu iliyobaki nilikopa, na bado nalipa. Zilipoondoka niliziweka kati ya mbao mbili nyembamba, nikazifunga kwa kitambaa cha pamba, na kusema kweli nilizikumbuka kwa wiki moja hivi. Zile mbili zilikuwa nzuri kuliko zote mbele. Sasa ziko kwenye ukuta wa mtu, na natumaini ni ukuta usiopigwa jua.

Saba zilizobaki nimezipiga picha mbele na nyuma, na nyuma mara nne kila moja, mwanga ukitoka pande nne. Zile za zambarau siziruhusu kukaribia kitu chochote chenye unyevu, hata pumzi yangu. Nikizifungua navaa ile barakoa ya wakati wa korona, jambo linalowachekesha wenzangu wa bwayeri. Doa la zambarau lililopenya hadi ukingo wa mbele sitaligusa. Katika moja limefika karibu na mguu wa ndege, na ukiangalia kwa makini unaona kipande cha herufi ya kambo kinyume, kimetoka upande wa pili.

Kabla sijaondoka Katuba siku ile nilimwonyesha tantini ile ya *cupreus*. Alikuwa na miaka saba au minane wakati wa jioni zile. Aliisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akamtazama ndege kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kutumaini.

"Nilisahabu, mwana," akasema, akaniuliza kama nimekula.

Kwenye kadi ya karatasi ile, katika sanduku la kadi ninazoandalia tasnifu, nimeandika *kandeke ka mu[…]*, tarehe niliyosoma, na chini yake: limefutwa na mwandishi. Mwalimu anayenisimamia amependekeza niiondoe katika data kwa kuwa haithibitishi chochote. Ana haki. Bado imo.